Pesa za mama zilikuwa salama kwenye simu, tatizo vidole vyake vilishafutika

Habari za muda huu wakuu.

Humu ndani mimi ni msomaji tu, leo naweka na la kwangu. Sina picha wala screenshot, ila ninachoandika nimekiona kwa macho yangu. Anayetaka kusema ni chai, aseme, sukari ataleta mwenyewe.

Naishi Same mjini, nina duka dogo la vifaa vya umeme. Mama yangu yuko juu milimani, upande wa mashariki kule inakolimwa tangawizi. Ni mjane, umri umeenda, lakini jembe hajaliweka chini.

Mama ni mtu wa security kuliko benki yenyewe.

Akitaka kuangalia salio anajifunika kanga kichwani, yeye na simu yake humo ndani, anabonyeza, anatoka. PIN yake haijui mtu, hata mimi mtoto wake wa kwanza. Niliwahi kumwomba anitajie kwa ajili ya dharura. Akaniuliza, dharura ya nani, yako au yangu? Nikaacha.

Na kusema kweli mfumo ulimfaa. Zamani mnunuzi akija na pesa mkononi, kijiji kizima kinajua leo kapata nani, na mwenye pesa halali usingizi. Siku hizi inaingia kwenye simu na mama anaendelea kuosha tangawizi yake kama hakuna kilichotokea.

Msimu uliopita bei ilipanda. Mama akauza yote, mpaka ile aliyoweka ya mbegu, akiamini bei ikishuka atanunua mbegu nyingine kabla ya vuli. Watani zetu husema Mpare huuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Huyu wangu aliuza mbegu.

Sasa, kwetu kuna ndiva. Kwa wasiojua, ni bwawa la kienyeji, maji yanakusanywa humo halafu yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Siku ya zamu yake mama akainama kuzibua, simu ikachomoka kwenye pindo la kanga ikazama. Waliipapasa kwenye tope mpaka wakachoka.

Hakuwa na wasiwasi. Nilishamweleza kwamba pesa haikai kwenye simu, iko kwenye laini, na laini inarudishwa. Akashuka mjini, nikampeleka kwenye ofisi ya kampuni ya simu.

Binti wa kaunta alimpokea vizuri.

"Shikamoo bibi. Namba ya kitambulisho unayo?"

"Marahaba. Ninayo." Akaitaja kwa kichwa, yote.

"Weka kidole gumba hapa."

Ikawaka nyekundu. Akafuta kioo, akajaribu tena. Nyekundu. Akaenda cha shahada, cha kati, akahamia mkono wa pili, akavimaliza vyote. Nyekundu tupu.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Nalima."

"Ndiyo maana. Vidole vimelika, mfumo haukutambui."

"Haunitambui kivipi? Huyu hapa mwanangu. Muulize kama mimi si mimi."

Binti akacheka kwa adabu, foleni nyuma yetu haikucheka.

Nilivichukua vile vidole nikavitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Ncha zimesuguliwa zikawa kama kokoto ya mtoni, pembeni nyufa. Ni jembe, ni mawe ya matuta, ni kuosha tangawizi kwenye maji baridi na kusugua masufuria kwa majivu. Iliniuma, sitadanganya.

Tukaambiwa kuna utaratibu mwingine wa kuandika barua, inakwenda makao makuu, inachukua muda. Muda gani? Hakuna aliyejua. Vuli nayo ilikuwa mlangoni, na asiye na mbegu vuli ikianza, mwaka wake umekwisha. Kwa mama mwaka ukipotea si jambo dogo, tangawizi ndiyo chakula chake, dawa yake na sadaka yake.

Nikamwambia nitamnunulia mbegu, hata kwa kukopa.

"Ukope wakati pesa yangu ipo? Mimi sijafilisika, nimepoteza simu."

Ndipo yule binti akatuambia njia nyingine. Wakulima na mafundi wa ujenzi huwa wanagomewa hivyo, wengine wakipumzisha mikono wiki tatu hivi na kupaka mafuta, alama zinajitokeza tena. Jembe asiguse, majivu asiguse.

Wakuu, mwambieni mama wa Kipare akae bure wiki tatu wakati shamba halijalimwa. Mimi nilimwambia. Nikapanda naye mpaka kwake.

Akipumzika, shamba halina matuta. Akilima, vidole haviwezi kurudi. Nguvu ya kuajiri vibarua mimi sikuwa nayo.

Jirani yake Mama Namsifu ndiye aliyelipeleka suala kwenye kikao cha kitongoji, liombewe msaragambo. Kwetu hiyo ni kazi ya pamoja, pembe inapulizwa watu wanatoka na majembe. Kwa kawaida ni ya barabara na mifereji. Shamba la mtu mmoja hulimwa hivyo akiwa amefiwa au ni mgonjwa.

Mzee Elinihaki akasimama. Huyu akisimama watu hutafuta pa kuegemea.

"Naomba nieleweshwe. Huyu mama anaumwa nini? Asubuhi nimemwona anapandisha mlima na ndoo."

"Vidole," akasema Mama Namsifu.

"Vinauma?"

"Haviumi."

Watu wakaangua kicheko. Mama alikuwa amekaa nyuma, ameinamisha uso. Hajawahi kuombewa kitu maisha yake yote. Nikatamani tuondoke.

Mwenyekiti wa kitongoji hakucheka. Alisema tu, "Kila mtu atazame vidole vyake."

Watu wakatazama. Hakuna aliyekuwepo pale ambaye hana chochote kwenye simu. Mzee Elinihaki aliviangalia vyake kwa muda mrefu, akavigeuza kwenye mwanga, kisha akakaa.

Pembe ikapulizwa Jumatatu. Mimi nilisharudi dukani, ila niliambiwa mzee huyo ndiye aliyefika wa kwanza.

Kilichobaki kilikuwa kumlinda mama na yeye mwenyewe. Mama Namsifu alilichukua jembe la mama akalificha nyumbani kwake. Mama akawa anakaa kwenye kigoda kando ya shamba, mikono imepakwa mafuta na kuvishwa soksi, anawapigia kelele watu wanaomsaidia kwamba tuta limepinda. Akafumaniwa mara moja anasugua sufuria kwa siri. Kesi ikaletwa kwangu kwa simu ya jirani.

Wiki zikaisha, akashuka. Binti ni yule yule.

Gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mimi nikaangalia pembeni. Cha pete mkono wa kushoto, ikawaka kijani.

Mama hakushangilia. Laini mpya ikawekwa kwenye simu mpya, akajifunika kanga pale pale ofisini, watu wanashangaa. Akatoka.

"Ipo yote."

Mbegu tulinunua siku hiyo hiyo, na mvua ya kwanza ilizikuta ziko ardhini.

Lakini kabla hatujatoka ofisini, mama alivitazama vidole vyake akamwambia binti, "Kumbe mashine yenu inawapenda wasiofanya kazi. Hebu mjaribu na huyu."

Nikaweka gumba. Kijani, mguso wa kwanza, hata sijakandamiza.

Mama akaniangalia, akaangalia kidole changu, akaniambia, "Jumamosi uje."

Nilichojifunza: hii huduma ni nzuri na mimi siiachi. Hata mwizi angeiokota ile simu, asingeigusa pesa ya mama hata shilingi. Ila mwenye pesa naye hakuweza. Wenye wazazi wakulima, wapelekeni wakapime vidole mapema, simu ikiwa bado mkononi na mvua ikiwa mbali. Ukingoja ipotee, utafute kijiji kama cha mama.

Waliowahi kukwama hivi mlitokaje? Na ile barua ya makao makuu, kuna aliyewahi kujibiwa? Tiririkeni.

Mtanisamehe kwa makosa ya kuandika. Nimetoka milimani jana, viganja vimejaa malengelenge, na simu yangu tangu asubuhi inakataa kufunguka kwa kidole.