Kioo cha Mwalimu wa Ufundi

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mwalimu wa ufundi alikuwa na kioo cha miguu mitatu kinachopindua watu. Ukitazamwa nacho mara moja, damu yote inakimbilia kichwani. Mara mbili, matumbo yanahamia kifuani. Shamba nalo likitazamwa, udongo mzuri unazama na mizizi inaelekea mbinguni. Wanafunzi wake wenyewe walituapia kwamba wamechungulia na kumwona mwinjilisti kichwa chini miguu juu, na kanzu isimfunike uso! Usicheke, rafiki yangu. Ungekuwa na miaka minane pale Vudee, enzi za Mwingereza, nawe ungeamini.

Nimeyakumbuka haya juzi nilipopanda milima kutoka Same. Mfereji wetu umeota nyasi. Maji siku hizi yanapita ndani ya bomba jeusi, kimya, hayamsalimii mtu. Karakana ya mwalimu imekuwa ghala la mahindi. Nilisimama mlangoni nikaitafuta ile harufu ya maranda na chuma cha moto, nikaambulia vumbi na chafya tatu.

Mwalimu yule alifundisha kuranda mbao, kufua chuma na kupima ardhi. Kengele ya mwisho ikilia alivua aproni, akawa mtu mwingine kabisa. Alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa, kwa nguvu ambayo nina hakika watu wa Ugweno kule kaskazini waliitikia "Amina". Na kijitoni aliunda gurudumu la makopo. Maji yakilisukuma, kuku wa mti anadonoa, ko-ko-ko, mchana kutwa. Nilikuwa nikikaa pale mpaka makande ya bibi yanapoa. Nilimpenda sana mtu yule. Nilichokiogopa ni kioo chake tu.

Bibi ndiye aliyenilea, na shamba lake lilikuwa juu, maji hayakulifikia. Maharage yake aliyanywesha kwa mtungi, akipanda na kushuka hadi magoti yakamvimba. Mwaka ule wazee waliamua kuchimba mfereji mpya kutoka ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji, na mwalimu akasema kwamba ukipimwa vizuri utafika hata kwa bibi. Akapima kwa kile kioo chake, akapigilia vigingi mpaka kwenye mpaka wetu. Bibi aliimba wiki nzima. Mimi kila asubuhi nilikwenda kuangalia kama mizizi imeanza kutokeza: shamba letu limetazamwa! Jumapili nikajidai naumwa tumbo, na wote walipokwenda ibadani nikang'oa vigingi vyote vya upande wetu, nikavitia motoni chini ya chungu cha makande.

Jumatatu asubuhi baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, lililia, kijiji kizima kikatoka na majembe kuja kuchimba. Vigingi hakuna.

"Mwalimu, tuchimbe huku chini," akasema mzee wa ndiva. "Watu hawa siwapati tena mpaka mwakani."

"Mkichimba huko, mama huyu hapati hata tone."

"Basi ahamie bondeni!" akadakia jirani yetu, na watu wakacheka.

Bibi hakucheka. Aliyatazama maharage yake, kisha akayatazama magoti yake.

"Nipeni nusu saa nipime upya," mwalimu akasema. Akasimamisha ile miguu mitatu, akatafuta mtu wa kushika fimbo ya kupimia yenye namba pale mpakani.

"Ilete kwangu," bibi akasema. Akaishika, akasimama wima kama askari, kilemba chekundu kichwani. Kioo kikamgeukia.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisimamisha treni kule Same. Nikamrukia bibi, nikamkumbatia miguu yote miwili asije akapinduka.

"Usimtazame! Vigingi niling'oa mimi, nikavichoma! Nipindue mimi, mwalimu, bibi mwache!"

Kisha jirani: "Kumbe yale makande ya jana yalipikwa kwa hesabu!"

"Mume wangu," bibi akaninong'oneza, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "umenichomea maji yangu?"

Hapo ndipo nilipolia. Nilingoja kuchapwa, lakini mwalimu aliniita tu kwa kidole. Nikaenda, nikachungulia. Bibi yangu alikuwa kichwa chini, miguu imebandikwa angani, na kilemba chekundu kikining'inia chini kabisa. Nikalia upya, mara mbili ya mwanzo. Mwalimu akanishika kidevu kwa mkono wake wenye mafuta ya mashine, akanigeuza uso nimtazame bibi kwa macho yangu mwenyewe. Alikuwa palepale, nyayo kwenye udongo, akinisubiri.

"Kioo kinapindua picha," mwalimu akasema. "Hakipindui mtu, wala shamba. Haya, kamsaidie bibi yako kushika fimbo, mfereji upite kwake."