Bangili Nyeupe

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Kahama na bangili mbili mkononi. Zimetengenezwa kwa vijiko vya zamani, akaniambia, ndio mtindo wa siku hizi. Alinipa nizishike. Nilizigeuza, nikazinusa, nikamrudishia. Alidhani sizipendi.

Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akitengeneza bangili. Babu alikuwa mfua chuma, na alipofariki, bibi hakuiuza mivukuto yake. Aliyeyusha chochote kilichokufa kijijini: koki za bomba, kufuli zilizopoteza funguo, waya wa shaba kutoka kwenye dinamo za baiskeli. Vingi aliletewa na jirani yetu, mama mmoja aliyeishi peke yake ng'ambo ya uzio wa minyaa, mwenye macho mekundu kwa sababu ya kupikia samadi kavu miaka yote.

Jirani alipomwaga mzigo wake uani, bibi alimtania, "Leo umemwibia nani?"

"Marehemu mumeo. Hivi aliniachia mimi, wewe hakukuambia tu."

Wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa ncha za kanga. Kazi yangu ilikuwa kuvukuta. Kando ya makaa kulikuwa na chungu cha michembe kikichemka taratibu, na mpaka leo harufu ya viazi vikavu ikinifikia, nasikia na nyundo ya bibi, nyepesi, isiyokosea. Bangili iliyofifia haikutupwa. Msichana aliyeinunua aliirudisha na karanga kidogo za malipo, bibi akaiyeyusha upya.

Mjomba wangu alikuwa mchimbaji Geita. Alipokuja kutusalimia alinionyesha kichupa cha zebaki. Alidondosha tone juu ya bangili ya shaba, akasugua kwa kidole gumba, na shaba ikawa nyeupe kama fedha.

"Hii ndiyo tunayokamatia dhahabu," alisema. "Ila ukiichoma, usikae moshi unakoelekea. Moshi wake hauna rafiki."

Aliniachia kichupa. Siku ya gulio bangili zangu nyeupe zilipiganiwa na wasichana. Bibi aliishika moja, akaitazama juani.

"Mume wangu, umezipaka nini?"

"Nimesugua kwa majivu na ndimu."

"Basi una mkono kuliko babu yako."

Sijawahi kusifiwa vile tena. Niliendelea kupaka.

Mvua zilipoanza, weupe ulichujuka, na wasichana wakazirudisha bangili moja baada ya nyingine. Bibi aliziyeyushia ndani ya kibanda cha nyasi cha kupikia, mlango umefungwa mvua isiingie. Alikiinamia chungu cha kuyeyushia, mimi nikavukuta uso wangu ukiwa kwenye upenyo wa mlango. Naomba uelewe hapo. Nilikumbuka maneno ya mjomba. Lakini kusema kungekuwa kukiri kwamba ule uzuri haukuwa wa mkono wangu.

Ulipofika wakati wa kuvuna karanga, mikono ya bibi ilikuwa ikitetemeka. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Nyundo ilimpiga vidole. Wazee wa ukoo walimpeleka kwa mganga, na mganga akasema ni mtu wa karibu, anayeingia bila kubisha hodi, mwenye macho mekundu. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Usiku uleule mawe yalianza kuanguka kwenye paa la jirani. Bibi alipinga: "Huyu hajanifanyia kitu. Niacheni na mwenzangu." Wakasema aliyerogwa siku zote humtetea aliyemroga. Siku chache baadaye jirani alipakia kitanda chake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaenda Mhunze kwa kaka yake. Bibi alilia uani. Mimi nilisimama kwenye minyaa, nikiwa na jibu lote mdomoni, nikalimeza.

Bibi hakufua tena bangili. Nilipomaliza kidato cha nne alikuwa ameshazikwa. Nilikwenda Geita kununua dhahabu, na huko niliwaona wachomaji wazee, waliovuta moshi wa zebaki miaka mingi, wakishika vikombe kwa mikono miwili, kama bibi. Nilichokuwa nikikishuku, sasa nikakijua.

Nikapanda basi kwenda Mhunze kumwambia jirani yetu. Nilimkuta kwenye kigoda, amekuwa mdogo, akipukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinikazia macho kwa muda. "Wewe si ndiye mume wa yule rafiki yangu? Umekuwa mtu mzima, na sura mbaya vilevile."

Alicheka. Kisha akaacha kupukuchua. "Mikono yake ilipona?"

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. "Ilipona," nikasema.

Alishusha pumzi. "Nilijua nikiondoka itapona. Sikujua ninacho kitu kama hicho ndani yangu, mwanangu. Bora niliondoka."

Nilipaswa kumjibu palepale. Nilikunywa uji wake, nikaaga, nikawahi basi. Alifariki kabla sijapata moyo wa kurudi.

Sasa minyaa imeng'olewa, uani kwetu pana nyumba ya bati ya watu wasionijua. Mivukuto niliiacha ikaliwa na mchwa. Watoto wa kijiji wananunua bangili za plastiki dukani. Wanaomkumbuka jirani wamebaki wachache, na wote wanamkumbuka kama mchawi.