Kikonyo Hukatwa Mti Ungali Hai

Habari ilinikuta sokoni Chikongola nikichagua muhogo: mwalimu wetu wa baiolojia, yule mama aliyetoka Bukoba akaja kufundisha Mtwara na asirudi tena kwao, amefariki. Nimeumia, wasomaji wangu, na sitazunguka mbuyu. Niliuacha muhogo pale pale mezani nikarudi nyumbani.

Siku moja, miaka ya nyuma, nilifuatana naye hadi kijijini Ziwani, kwa bibi mkulima aliyekuwa akimuuzia korosho. Bibi alikuwa na mkorosho mmoja hodari, ndio uliomsomeshea wanawe, na sasa ulikuwa unakauka. Alikwisha fanya kama tufanyavyo wengi huku: aliteua korosho nono za mti ule akazipanda. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, lakini korosho hazikusikia. Mche huu ulizaa korosho ndogo, ule ulitoa maua tele na mazao haba.

“Mwalimu, mie nimepanda korosho za mti huu huu,” bibi alilalamika. “Mbona watoto hawafanani na mama yao?”

“Kwani wanao, bibi, wanafanana nawe wote?”

“Wale wana baba yao.”

“Na korosho ina baba. Yuko shamba la jirani, na nyuki ndio washenga.”

Bibi alicheka hadi akashika kiuno. Mwalimu akachora mchangani. Ndani ya ua, alisema, seli za uzazi hugawanyika hadi kila moja ikabaki na nusu tu ya urithi wa mti. Nusu nyingine huletwa na chavua, mara nyingi ya mti mwingine, kwa hiyo kila korosho ni mchanganyiko mpya. Lakini kwenye ncha ya tawi, seli hunakili kwanza urithi wake wote, ndipo hujigawa, na zote mbili hubaki na urithi uleule. “Mkorosho wako umo mzima kwenye vikonyo hivi, hizi ncha za matawi, bibi. Ila tukate sasa. Mti ukishakufa, seli hazigawanyiki tena.”

Wakakata, wakavibebesha kwenye miche, yaani wakaviunga viote pamoja, wakafunga kwa utepe wa nailoni. Karibu vyote vilikauka. Bibi akakata vingine, safari hii kwa mkono wake, akikosea na kurudia, na mwalimu akasimama pembeni bila kumnyang’anya kisu. Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa, maana nchi hii ina walimu wengi wanaofundisha huku wameshikilia kisu. Mti ule ulikufa. Vikonyo vyake leo ni mikorosho inayozaa korosho zilezile, na majirani humwita bibi awabebeshee yao.

Mazishini nilimpa bibi pole, nikasema tumepoteza hazina. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Tumepoteza,” alijibu. “Ila mie kikonyo changu nilikikata yeye angali mzima.”

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Kama yupo mtu ambaye ujuzi wake unautamani, nenda kwake wiki hii, umwombe akuachie kisu.