Nesi Aliyejua Kuhesabu Miezi

"Mtaje!"

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kichwani pangu, mdomo wake karibu na sikio langu hata ndonya, kile kigingi cha mdomo wake wa juu, ikawa inanigusa shavu. "Mtaje huyo mwanamume, mtoto apate kutoka. Unamzibia njia kwa aibu yako."

Nilikuwa nimelala juu ya kitanda cha kamba katika zahanati ya kijiji, njia ya kwenda Kitangari. Uchungu ulinianza jana yake jua likizama, na sasa jua lilikuwa utosini. Nje, wanaume wanne wenye machila ya kunibebea walikaa kivulini wakingoja. Hawakungoja nipate nafuu. Walingoja jina.

Mlangoni alisimama nesi, gauni jeupe, mikono ameikunja kifuani. Nilimtazama yeye. Mama mkwe alikuwa anapiga kelele, lakini macho yangu yote yalikuwa kwa nesi, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa pale. Yeye akatazama sakafu.

Nikataja jina.

"Ahaa!" alisema mama mkwe, akainuka akijipangusa magoti. "Nilisema mimi. Nilisema tangu mwanzo." Wanaume wakaingia na machila, wakaninyanyua. Lori la korosho lilikuwa limekwishapita zamani.

Naandika haya kwa sababu nimeombwa. Nesi yule sasa ni mkubwa wa manesi wengi, anastaafu, na wanaomwandalia sherehe wamepita nyumba kwa nyumba wakisema kila anayemkumbuka aandike neno juu ya uongozi wake. Waliponifikia mimi walisita kidogo, mmoja akamtazama mwenzake. Wanajua nini wale? Sijui. Nimewaambia nitaandika. Majina ya watu sitayaandika, lakini vyeo vyao nitavitaja, na wenyewe wanajijua.

Mimi si mtu wa mlimani. Nilizaliwa bondeni, upande wa Masasi, Mmakua, nikaletwa Newala kwa ndoa nikiwa na miaka kumi na minane. Mwingereza alikuwa bado yupo, Bwana Shauri, mkuu wao wa wilaya, akikaa bomani. Nilipofika nikakuta udongo mzuri, mikorosho mizuri, maji hakuna. Maji yalikuwa chini kabisa bondeni. Mwanamke alitoka alfajiri, akarudi na mtungi mmoja jua likiwa juu. Na hapo ndipo walipoanza kunitilia shaka. Mwanamke anayepotea nusu siku nzima, mgeni, hana ndugu wa kumlinda, nani ajuaye njiani amekutana na nani? Mama mkwe aliupima mtungi wangu kila nikirudi. Ukipungua, nilikuwa nimekaa na mtu. Ukijaa, nilisaidiwa na mtu.

Na huku mlimani, uchungu ukikawia, watu husema mwanamke ana neno tumboni, jina la mwanamume wa nje. Mpaka alitoe, mtoto hatoki. Sisemi ni wao peke yao, hata kwetu Masasi neno hilo lipo. Mtu aliyezaliwa ndani ya desturi hiyo simlaumu sana kwa kuiamini. Yupo mwingine ninayemlaumu.

Nesi alikuja miezi michache kabla. Alikuwa amesomea ukunga kwenye hospitali ya misheni, binti wa huku huku mlimani, ingawa kijiji chao kilikuwa mbali, na tulimwonea fahari. Alikuwa na vitambaa vyake, mkasi wake, na kile kipembe cha bati cha kusikilizia mtoto tumboni. Yeye ndiye aliyenihesabia. Aliniuliza mara ya mwisho niliona damu lini, nikamwambia kabla ya palizi, akakunja vidole, akaandika kwenye kadi. "Wewe utazaa korosho zikianza kuanguka," akasema. Na kweli, zilikuwa zinaanguka.

Neno moja tu. Nyumba ya nesi ilikuwa haijajengwa. Walimweka kwenye uwanja wa mjomba wa mume wangu, mkubwa wa ukoo, mwenye mikorosho mingi kuliko wote. Alilala banda lake, alikula ugali wake, alikunywa maji yake. Wakati ule sikuona ubaya wowote.

Asubuhi ya siku ile dresa, yule mfunga vidonda aliyekuwa mkuu wa zahanati, alikuwa amekwenda Newala kuchukua dawa. Nesi akabaki na amri yote. Akanipima, akanawa mikono, akaniinamia. "Njia yako ni nyembamba, bibie. Wewe si wa hapa, wewe ni wa hospitali kubwa ya Ndanda. Lori la korosho linapita saa tatu kuelekea Masasi hadi Lindi. Nitalisimamisha mwenyewe. Usiogope."

Alisema hivyo kwa kinywa chake. Kwa hiyo mtu asije akaniambia alikuwa mtoto, hakujua. Alijua tangu jua halijapanda.

Kisha mjomba akaja. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, nilisikia kila kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unataka kumpandisha mkwe wetu kwenye lori la Mhindi, juu ya magunia."

"Ndiyo, mjomba. Mtoto hapiti. Njia ni ndogo."

"Njia ni ndogo, au neno ni kubwa?" Wanaume waliokuja naye wakacheka. "Aseme kwanza. Akisema na bado asizae, mpeleke hata Ulaya."

"Lori linapita saa tatu, mjomba."

Mjomba hakugomba. Alisema polepole, kwa upole kabisa, kama mzazi. "Na wewe, mwanangu, leo jioni utakula wapi?"

Nikangoja jibu lake. Naweza kusema nimelingoja mpaka leo. Baada ya kitambo nilisikia lori linakuja, likapiga honi pale njia panda kama desturi yake, halafu likabadilisha gia likaenda zake. Hapakuwa na mtu barabarani wa kulisimamisha.

Basi mama mkwe akaingia, akaanza. Taja, taja. Nilikataa mpaka nguvu zikaniisha. Nilipoona nitakufa nikafikiri: nimtaje nani asiyeweza kudhurika? Palikuwa na jirani yetu mmoja aliyekwenda kukata mkonge upande wa Tanga. Aliondoka korosho za mwaka uliopita zikiokotwa, hajarudi hata siku moja. Nikaona huyo yuko mbali, fimbo haitamfikia. Nikamtaja yeye.

Sasa hesabu na wewe unayesoma. Mtu aliondoka wakati wa korosho. Mimba yangu ilishika wakati wa palizi, miezi mitatu baadaye. Mama mkwe hakuhesabu, alitaka jina, alipata jina. Mjomba hakuhesabu. Mume wangu alikuwa amekaa nje ameinama, hakuhesabu chochote, na sijui kama angeweza. Lakini nesi! Kazi yake ilikuwa kuhesabu miezi. Kadi yangu aliiandika yeye. Alilisikia jina lile, akajua pale pale kwamba ni uongo niliokamuliwa kama maji kwenye kitambaa, akakaa kimya.

Walinichukua kwa machila hadi Newala, na gari la boma likaniteremsha Ndanda jua likizama. Nilipozinduka nilikuwa nimeshonwa. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Mfuko wa uzazi nao walikuwa wameutoa. Mama mmoja mfanyakazi wa pale, aliyekuwa akinipa uji kwa kijiko, alisema tu, "Mngemleta asubuhi, angelia."

Ndiyo maana mimi hadi leo siitwi Mama wa mtu yeyote. Wenzangu wote huku huitwa kwa watoto wao. Mimi naitwa "dada," na sasa kwa vile nimezeeka kidogo, naitwa "wewe mama."

Talaka ilinikuta kitandani. Na yule wa mkonge? Mkewe aliposikia alikusanya vyombo akarudi kwao na watoto. Mwaka uliofuata mwanamume akarudi, ana baiskeli mpya, anakuta nyumba tupu, paa limebonyea. Akanifuata. Hakuja na ugomvi.

"Dada," akaniuliza, "mimi na wewe tulikutana wapi?"

"Hatukukutana."

"Basi kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulikuwa mbali."

Akatikisa kichwa. Akaondoka akiikokota ile baiskeli, hakuipanda.

Baadaye nilipata kazi ya kufagia wodi ya wazazi, hospitali moja huku huku mlimani. Sikutafuta huruma, nilitafuta kuona. Nilitaka kujua humo ndani mambo huamuliwaje, nani humwogopa nani. Msimamizi wa wodi alikuwa mwanamke mnene wa Masasi, mdomo wake mkali. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Wewe unafagia kama unayemfukuza kuku." Sikumwamini. Sikumwamini mwaka mzima.

Siku moja akaletwa binti, uchungu wa siku mbili. Nyuma yake wazee watano. Nilijua kilichowaleta hata kabla hawajafungua mdomo, fagio likanidondoka.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema msimamizi. Akawauliza habari za nyumbani, za mashamba, za korosho, mpaka nikataka kupiga kelele.

"Mama," mkubwa wao akasema, "huyu lazima aseme kwanza."

"Ni kweli, baba. Neno kama hilo halisikilizwi hivi hivi. Mkishalisikia mtanawa kwa maji gani? Pipa langu limekauka. Hata la kumwogesha mtoto sina. Nileteeni ndoo kumi, ndipo tukae."

Pipa lilikuwa limejaa. Nililijaza mimi mwenyewe. Nikafungua kinywa nimsahihishe, akanikanyaga mguu kwa kiatu chake, ukucha ukaniuma siku tatu. Wazee wakachukua ndoo, wakateremka bondeni. Wazee wanaume, na ndoo! Walipopotea kwenye kona akageuka, "Haya, gari. Upesi!" Binti akapelekwa Ndanda.

Walirudi jua limeelekea magharibi, miguu mieupe kwa vumbi. "Tumechelewa?" akauliza yule mkubwa, akihema.

"Mmewahi kabisa, baba. Mjukuu wenu yuko salama kwa madaktari, na maji haya ndiyo atakayoogeshewa mama yake akirudi. Nani mwingine angeyaleta?"

Wakatazamana. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Neno halikutajwa tena.

Mtasema nilifurahi. Nilimshuku zaidi. Nilijiuliza, huyu anamtegemea nani hata awe jasiri hivi? Nikamchunguza. Nilichunguza sufuria zake, wageni wake, mlango wake wa nyuma. Niligundua jambo moja. Alikuwa akipika mwenyewe. Mafiga yake matatu nyuma ya nyumba, muhogo wake, maji aliyoyachota kwa zamu kama sisi. Mtu akimletea kuku wa asante, kuku alikwenda jiko la wagonjwa mbele ya macho ya aliyemleta. Hapakuwa na mtu kijiji kizima aliyeweza kumwuliza jioni atakula wapi.

Wanaoandika hotuba za sherehe watasema kiongozi wa manesi lazima awe na elimu, upole na usafi. Nesi wangu alikuwa navyo vyote vitatu.

Nasikia mnavyonijibu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, angelala wapi? Najua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ningeusamehe woga wake, Mungu ni shahidi, kama isingekuwa karatasi.

Siku ile machila inaondoka, nesi aliniwekea karatasi kwenye pindo la kanga, ya kuwapa wakubwa wa Ndanda. Wao waliisoma, wakaipiga muhuri, wakanirudishia siku ya kutoka. Nilidhani ni karatasi ya mwanangu. Niliitunza kwenye sanduku pamoja na ile kadi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine chake. Kisomo cha watu wazima kilipokuja nikajiandikisha, nikajifunza herufi moja moja pamoja na vikongwe wa kijiji. Nilipoweza, nikafungua sanduku. Ilinichukua mchana mzima. Iliandikwa: *Mgonjwa ameletwa amechelewa. Alifichwa nyumbani.*

Nilikuwa nimelala kwenye kitanda chako, nesi, tangu alfajiri.

Mjomba amekufa. Mama mkwe amekufa. Mume ana wajukuu kwa mwanamke mwingine, akiniona njiani huvuka upande wa pili. Umebaki wewe, nesi. Watu huku bado wanasema niliuzuia uzazi wangu kwa uzinzi, na watoto wa yule wa mkonge walikua bila baba, kwa jina ulilojua wewe peke yako kwamba haliwezekani.

Siku ya sherehe nitakaa mstari wa mbele na hii karatasi na ile kadi uliyoniandikia. Wakishamaliza kukuvika kanga na kukupigia vigelegele, nitasimama. Sitaki radhi, wala sitaki unipe kitu. Kunja vidole vyako mbele ya watu, kama ulivyovikunja siku ile, uhesabu kutoka korosho mpaka palizi, kwa sauti. Halafu uwaambie ni nani aliyechelewa.