Sukari ya Mama

Moyo ulimshika mama akiwa anakuna nazi. Alikamata kifua, akateremka kwenye mbuzi polepole, akalala sakafuni huku jasho linamtoka. Tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema moyo umepata pigo, lakini kinachomtisha zaidi ni sukari iliyojaa katika damu yake. Kwa mtu wa umri wake, moyo ukipigwa na sukari iko juu, wengi hawainuki. Lazima ishuke.

Toka hapo nikawa sina kazi ila kutazama mkojo. Kila asubuhi muuguzi alitia matone machache ya mkojo huo katika dawa ya buluu, akaichemsha. Ikibaki buluu, sukari hamna. Ikiwa nyekundu kama tofali, imejaa. Ya mama ilikuwa tofali tupu. Nikawa namwomba Mungu rangi ya buluu, mimi ambaye zamani nilimwomba mume na nyumba.

Walimpiga sindano, wakamnyima chai ya sukari, na dawa ikaanza kugeuka manjano, kisha kijani. Nililia mbele ya muuguzi bila haya.

Tatizo likawa watu. Kwetu huendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, na aliyelegea hupewa kitamu apate nguvu. Walikuja na sharubati, na asali, na ndizi mbivu za tui na sukari. Nilisimama mlangoni kama askari wa forodha, nikavirudisha vyote. Mtaa mzima ukanisema.

Kisha akaja mama mkubwa, dada yake mama, ametoka kijijini Uroa kwa gari ya shamba. Alipitia mjini kununua halua, kikapu kizima cha ukili.

"Shikamoo, mama mkubwa. Daktari kakataza."

"Marahaba. Daktari ndiye alomlea? Mdogo wangu hana nguvu hata ya kugeuka, nawe wamtia njaa!"

Nilimshika mama mkono. "Mama, nakuomba."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Mwanangu, nikiirudisha halua yake nimemrudisha yeye. N'achie."

Akala. Dada yake akimfuta midomo, wanacheka kama watoto. Nilitoka nje nikauma buibui langu nisipige ukelele.

Asubuhi dawa ikawa tofali. Kesho yake tofali. Sindano zikaongezwa, sukari haikusikia. Ijumaa moyo ukamshika tena, na safari hii haukumwachia.

Nilimuuliza daktari kama ni ile halua. Akasema pengine, na pengine moyo ulikuwa umeshakwisha. Nilimchukia kwa hizo pengine zake.

Matangani nilimtafuta mama mkubwa. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, makali, nimeyanoa usiku kucha. Nilimkuta kajiinamia jikoni, macho yamevimba. Akanishika mikono yote miwili.

"Alhamdulillahi n'limuwahi," alisema. "Mdogo wangu hakufa na njaa. Au vipi, mwanangu?"

"Hakufa na njaa, mama mkubwa," nikamjibu.