Vitambaa Vyekundu Kwenye Mivinje

Mivinje aliyoacha marehemu baba hapa Shika Adabu haifiki hata nusu eka, lakini kazi yake ni ya mtu aliyemkosea Mungu. Kila wiki napogoa matawi, nang'oa vichaka, nafukuza mbuzi wa jirani, naokota nepi na chupa walizotupa watu wazima wenye akili zao. Wakitaka kuni, hodi hawapigi.

Mwaka huu ilibidi niipunguze. Ilikuwa imesongamana, imerefuka myembamba ikitafuta jua. Na mama, anayeishi hapo hapo kiwanjani, boriti za paa lake zilikuwa zimeliwa na mchwa, makuti yamebonyea. Nikasema nitakata mivinje kumi na minne, apate boriti mpya kabla ya masika. Nikachana leso yangu kuukuu, nyekundu, nikafunga kipande kwenye kila mti wa kukatwa, fundi asije akanikatia mizuri.

Fundi akaja na msumeno wake. Akatazama, akauweka chini.

"Dada, hii sikati. Hapa pamefungwa, na mimi nina watoto."

Nikamweleza ni leso yangu, nimeifunga mwenyewe juzi jioni, miguuni nina ndala, bila uganga wowote. Akanitazama kwa huruma.

"Basi vifungue wewe uliyefunga, mimi nione. Ndipo nikate."

Nilichukia, sisemi uongo. Mimi wa kwaya ya akina mama, nifungue leso yangu mbele ya mtu kama mganga? Nikamwambia aende zake. Kesho yake nikakuta yai na chupa ya marashi chini ya mvinje mmoja, mtu kaja kutambikia. Nusura nilie kwa hasira.

Lakini wiki ile hakuna aliyeingia kuchukua kuni. Hakuna nepi. Hata mbuzi sikuwaona, na mbuzi hajui mzimu wala kanisa. Nadhani jirani aliwafunga. Nikaanza kupumzika. Kila siku nikasema kesho nitavifungua, nimwite fundi. Kesho ikawa wiki tatu.

Mvua ikatangulia. Asubuhi nilimkuta mama ameketi kitandani, beseni mapajani, godoro limelowa chepechepe. Alichukua mkongojo, akaenda kwenye mivinje, akafungua vitambaa kimoja kimoja mpaka vyote kumi na vinne. Kimoja akajifunga kichwani. Kisha akaniagiza nimpigie fundi simu, naye akaja.

"Kata, mwanangu," mama akamwambia. "Yeyote atakayekuja kudai, mtu au mzimu, mlete kwangu. Mimi nataka kulala pakavu."

Fundi akakata. Mama akanigeukia, leso yangu kichwani, kanga imemgandia mwilini.

"Na wewe, ulikuwa unangoja nini?"

Nilimshika mkono nimrudishe ndani. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kuni na mbuzi: vile vitambaa vilikuwa vinanilindia.