Mdomo wa Kiberiti

Juzi pale Manzese nilimwona mmachinga akiuza vikaragosi vya kutia mfukoni. Ukikibonyeza kimoja tumboni, sura inabadilika. Watu walicheka. Mie niliona haya.

Utotoni, kwetu Temeke, nilitengeneza cha kwangu kwa boksi la kiberiti. Juu nilichora macho, chini yake nikakata kidirisha, na kwenye kile kisanduku cha ndani nikachora midomo. Ukikisukuma, mdomo unabadilika. Wa mwisho niliupinda, kama wa bibi.

Bibi alikuwa mtani wangu, akiniita mume wake. Tangu arudi kutoka hospitali mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, nami nikadhani huo ni utani mpya, na sasa ni zamu yangu kujibu.

Chumba kilinukia mafuta ya karafuu. Wageni walikuwa wamekuja kumpa pole.

"Mke wangu, huyu ndo wewe!"

Nikamnyooshea kile kikaragosi. Bibi alikipokea kwa mkono uliobaki mzima, akakitazama. Kisha akasukuma kwa dole gumba, taratibu, mpaka ukatokea mdomo ulionyooka.

"Nilikuwaga hivi, eti mume wangu?"

Nikaitikia ndiyo, huku bado nacheka.